Kwa nini Twin Pioneer iliwaacha askari wanne Marsabit

Swali limetoka kwa msomaji wa Voi:

"Shikamoo mzee. Marehemu babu yangu alikuwa askari wa KAR, jeshi la kikoloni la Waingereza huku kwetu, mwanzoni mwa miaka ya sitini. Kila tukikaa naye jioni alitusimulia safari ya kutoka Marsabit kurudi Nairobi kwa ndege ya Waingereza iitwayo Twin Pioneer. Ilikuwa saa nane mchana. Walikuwa wameshapanda wote na viti vimejaa, mara rubani akashuka, akatazama upepo, akarudi na kuwaamuru wanne wateremke na mizigo yao. Babu alikuwa mmoja wao. Walilala kiwanjani, wakaja kuchukuliwa kesho yake alfajiri. Babu amekufa akiamini walishushwa kwa dharau tu, maana viti vilikuwepo. Naomba unieleze: ndege hiyo ilikuwa na kasoro gani?"

Marahaba, mwanangu, na pole kwa msiba wa babu. Nimeisoma barua yako mara tatu, na kila mara macho yangu yamesimama kwenye neno moja: alfajiri. Moyo wa rubani yule siwezi kuusemea. Dharau ilikuwepo jeshini enzi zile, na babu yako aliijua kwa ngozi yake kuliko mimi ninavyoijua kwa kusoma. Ila ndege naweza kuisemea. Nimetumia sehemu kubwa ya maisha yangu nikifungua injini za pistoni za aina ile, na hesabu za ndege ile ninazijua. Rubani anayeteremsha watu saa nane mchana na kuwafuata alfajiri ni rubani anayepigana na joto.

Kwanza ujue ndege yenyewe. Twin Pioneer ilitengenezwa na kampuni ya Scottish Aviation pale Prestwick, Uskoti, na iliruka mara ya kwanza Juni 1955. Kabla yake kampuni hiyo ilikuwa na Pioneer ya injini moja, ndege iliyopendwa sana na jeshi katika misitu ya Malaya kwa sababu ilitua mahali ambapo ungesita kupeleka hata lori. Lakini injini moja ikizima juu ya msitu, safari imekwisha. Ndipo wakaunda kubwa zaidi, yenye injini mbili na viti 16. Jeshi la Anga la Uingereza lilichukua 39. Kikosi chake cha 21 kilihamia Eastleigh, Nairobi, mwaka 1959 na kukaa hapo hadi 1965 kilipopelekwa Adeni. Kwa hiyo kumbukumbu ya babu yako inakaa vizuri kabisa katika miaka ile.

Sasa tupime mzigo, maana hapa ndipo jibu lako lilipo. Ndege tupu ilikuwa na uzito wa karibu kilo 4,600. Uzito wa juu ulioruhusiwa wakati wa kuruka ulikuwa kama kilo 6,600. Tofauti ni kilo 2,000, na ndani ya kilo hizo lazima viingie marubani, petroli, abiria na kila kilichobebwa. Weka marubani wawili, kilo 170. Weka askari 16. Askari mwenye bunduki, risasi, maji na shanta tumhesabu kilo 100, jumla kilo 1,600. Kilichobaki kwa petroli ni kilo 230 hivi. Kutoka Marsabit hadi Nairobi ni kama kilomita 420 kwa mstari ulionyooka, na ndege ile ilisafiri kwa mwendo wa kilomita 200 kwa saa au zaidi kidogo. Ni safari ya saa mbili. Kilo 230 za petroli hazikutosha injini mbili za ukubwa ule kwa saa mbili, acha ile akiba ambayo rubani mwenye akili hawezi kuondoka bila nayo.

Umeona? Hata kama Marsabit ingekuwa ufukweni na siku yenyewe ya baridi, askari 16 wenye zana kamili na petroli ya kuwafikisha Nairobi havikuingia pamoja ndani ya uzito ule. Viti vilikuwa 16 kweli, lakini viti ni hesabu ya nafasi. Mmoja au wawili wangebaki chini hata katika hali nzuri kuliko zote.

Na hali haikuwa nzuri. Marsabit iko zaidi ya mita 1,300 juu ya bahari. Hewa ya kimo kile ni nyepesi, na jua la saa nane likiipasha moto inakuwa nyepesi zaidi. Eastleigh yenyewe, iliyo juu zaidi ya mita 1,600, mchana wa joto hewa yake hupungua uzito kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na hewa ya pwani siku ya kawaida. Marsabit haiko mbali na hapo. Upungufu huo unaiuma ndege mara tatu kwa mpigo mmoja. Bawa hubeba kwa kusukuma hewa chini, kwa hiyo hewa ikiwa nyepesi lazima ndege ikimbie zaidi ndipo ibebeke. Pangaboi huvuta kwa kusukuma hewa nyuma, kwa hiyo mvuto unapungua. Injini nayo huchoma petroli kwa hewa ile ile, kwa hiyo nguvu yake inashuka. Ndege inahitaji mbio ndefu zaidi huku ikiwa na nguvu ndogo ya kuikimbiza. Alfajiri, kabla jua halijapasha ardhi, sehemu ya ile hewa nzito inarudi. Ndiyo maana katika nchi za joto na milima marubani wa ndege ndogo huamka usiku wa manane, na mpaka leo ukienda uwanja wa Wilson utawaona.

Hayo yote yanaipata ndege yoyote. Kasoro ya Twin Pioneer hasa ni kwamba haikuwa na ziada ya kuyakabili. Waskoti walitengeneza bawa la ajabu, na ninalisifu kwa dhati. Lilikuwa na upana wa zaidi ya mita 23 kutoka ncha hadi ncha, kubwa mno kwa ndege ya tani sita na nusu. Mbele lilikuwa na vipande vinavyofunguka, na nyuma vibawa vikubwa vinavyoteleza na kushuka, hata ndege ikaweza kuelea polepole bila kuanguka na kutua ndani ya mita mia tatu au pungufu. Bawa hilo walilifunga injini mbili za Alvis Leonides, za kwanza zikiwa na nguvu za farasi 550 hivi, za baadaye 640. Hata hizo kubwa, ukigawanya nguvu kwa uzito, unapata farasi 193 kwa kila tani. Caribou ya Canada, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1958, ilikuwa na farasi kama 224 kwa tani. Ukisoma karatasini tofauti inaonekana ndogo. Lakini nguvu nyingi ya ndege huishia kuishikilia tu hewani. Kupanda hutokana na kile kinachozidi. Ukipunguza kidogo juu ya jumla, umekata kipande kikubwa cha ziada.

Sasa uizime injini moja.

Hapa ndipo ninapoumia nikiifikiria ndege hii, kwa sababu injini ya pili iliwekwa makusudi ili watu wasife ya kwanza ikizima. Katika baridi ya Prestwick, karibu na bahari, ndege ikiwa nyepesi, injini moja iliweza kuirudisha nyumbani. Juu ya milima ya Adeni au nyanda za kaskazini mwa Kenya, mchana, ikiwa imejaa, injini iliyobaki haikuweza kuipandisha. Iliweza tu kuirefusha njia ya kushuka. Rubani alipata dakika chache za kutafuta mahali. Kama mbele kuna bonde, alifuata bonde. Kama mbele kuna mlima, hesabu ilikuwa imekwisha.

Na kulikuwa na shida nyingine iliyozaliwa na ule uzuri wa bawa. Injini moja ikizima, ile nyingine huivuta ndege upande, na rubani huizuia kwa usukani wa mkia. Usukani huo unafanya kazi kwa upepo unaoupiga. Mwendo ukiwa mdogo hauna nguvu. Bawa la Twin Pioneer liliweza kuinyanyua ndege kutoka ardhini kwa mwendo mdogo sana, mdogo kuliko ule ambao usukani ungeweza kuishika ndege yenye injini moja inayonguruma na nyingine iliyokufa. Waliipa mkia wenye mapezi matatu ili kupunguza tatizo, lakini walilipunguza tu. Kwa hiyo kila mara ndege ilipotumia ule uwezo wake wa kuruka kwenye kiwanja kifupi, kulikuwa na sekunde kadhaa baada ya kuacha ardhi ambapo rubani aliomba Mungu injini zote mbili ziendelee. Ikiwa moja ingezima ndani ya sekunde hizo, jambo sahihi lilikuwa kuifunga na ile nzima pia na kushuka moja kwa moja mbele. Ndege inayonunuliwa kwa sababu ya viwanja vifupi ilikuwa salama kamili kwenye viwanja virefu tu. Hiyo ndiyo kasoro yake kubwa kuliko zote, na ningependa uikumbuke hata ukisahau mengine yote niliyoandika.

Kuhusu Leonides yenyewe lazima niseme kidogo, maana ndiyo fani yangu. Ni injini ya silinda tisa zilizopangwa duara, inapozwa kwa upepo. Ujazo wa silinda zake ni lita 11.8 tu. Linganisha na Wasp ya Marekani, R-1340, ambayo nayo hutoa farasi 600: ujazo wake ni lita 22. Leonides ilipataje nguvu ile ile kwa karibu nusu ya ujazo? Kwa kuzunguka haraka, hadi mizunguko 3,000 kwa dakika ambapo Wasp inaridhika na 2,250, na kwa kusukumiwa hewa nyingi kwa kipulizio. Ni ubunifu mzuri, na kwenye ndege za mafunzo kule Uingereza ilifanya kazi vizuri. Lakini injini ndogo inayokamuliwa hivyo haina subira na joto wala vumbi. Mchanga mwekundu wa kaskazini ukipita kwenye chujio husaga kuta za silinda, na injini inayozunguka haraka husagika haraka. Vichwa vya silinda hupata moto hasa pale ndege inapopanda polepole, pua juu, upepo kidogo, na kupanda polepole ndiyo ilikuwa desturi ya ndege ile. Shirika la ndege la Ufilipino lilipoagiza Twin Pioneer, lilitaka zifungwe Wasp badala ya Leonides, zikatengenezwa tano za namna hiyo. Mimi ningefanya uamuzi huo huo bila kufikiri mara mbili.

Kila fundi wa injini za duara anajua pia kwamba ikilala usiku, oili huchuruzika na kukusanyika kwenye silinda za chini. Ukiiwasha bila kuizungusha pangaboi kwa mkono kwanza, pistoni inaweza kugonga oili na kupinda fimbo yake. Kama babu yako alisimulia kwamba asubuhi ile aliwaona Wazungu wakizungusha mapangaboi kwa mikono kabla ya kuwasha, walikuwa wanafanya hivyo.

Kuna jambo jingine ambalo halihusiani na Marsabit, lakini siwezi kuzungumzia kasoro za ndege hii nikaliruka. Bawa refu lile lilishikiliwa kwa nguzo za mshazari kutoka chini. Disemba 1957 mmoja wa waanzilishi wa kampuni, David McIntyre, alikuwa Libya akiitembeza ndege hii kutafuta wateja. Huyu hakuwa mfanyabiashara wa kukaa ofisini. Mwaka 1933 alikuwa mmoja wa marubani wawili walioendesha ndege za kwanza kupita juu ya mlima Everest, na uwanja wa Prestwick wenyewe ni kazi ya mikono yake. Tarehe 7 Disemba nguzo ya bawa la kushoto ilikatika angani, bawa likaondoka, na wote watatu waliokuwemo wakafa. Uchunguzi ulionyesha uchovu wa chuma: ufa mdogo unaoanza kwa mtikisiko wa kila siku, kurusha na kutua, kurusha na kutua, ukiongezeka kidogo kidogo bila mtu kuuona hadi siku chuma kinapoachia. Ndege ilikuwa na umri wa miaka michache tu. Nguzo zikabidi ziangaliwe upya, na ndege zilizoruka Kenya zilikuja baada ya somo hilo. Lakini fikiria ndege iliyobuniwa kutua kwenye mawe na matuta kila siku, huku maisha ya wote yakining'inia kwenye nguzo ambayo mawe na matuta ndiyo adui wake. Ukaguzi wake ulihitaji macho makali na muda mrefu, na katika viwanja vya vumbi vyote viwili huwa haba.

Baada ya hayo, mambo ya mlango na kuketi naweza kuyapitia haraka. Ndege ilisimama kwa gurudumu la mkia, kwa hiyo ikiwa chini sakafu yake ilikuwa mteremko, na mzigo mzito ulisukumwa kupanda kuelekea mbele. Mlango ulikuwa ubavuni. Nyuma hapakuwa na mlango mkubwa wa kushuka hadi chini kama wa Caribou, ambao gari dogo lingeendeshwa likaingia. Pipa la mafuta au sanduku la risasi lilinyanyuliwa kwa mabega ya watu, na ninaamini baadhi ya mabega hayo yalikuwa ya babu yako. Safari ndefu nayo ilikuwa mateso: Nairobi hadi Mandera ni kama kilomita 800, zaidi ya saa tatu na nusu za kelele na mtikisiko, na ukifika huna petroli ya kurudi, kwa hiyo mapipa lazima yatangulie huko kwa lori.

Wengine huiweka polepole yake katika orodha ya kasoro. Mimi sikubali. Polepole ndiyo bei ya lile bawa, na jeshi lililoinunua lilijua linanunua nini. Disemba 1962, uasi ulipotokea Brunei, Twin Pioneer tano zilitua kwenye eneo ambalo halikuwa uwanja wa ndege kabisa, jirani na kituo cha polisi cha Panaga, zikateremsha askari karibu na visima vya mafuta vya Seria. Kimo kilikuwa usawa wa bahari, umbali mfupi, uwanja wa majani. Pale ndege ilikuwa mahali pake. Kosa lilikuwa kuitoa pale na kuipeleka Mukeiras na Dhala, milimani mwa Adeni, na kwetu kaskazini, kana kwamba hewa ni ile ile kila mahali.

Waingereza wenyewe walilijua hilo kabla muda haujapita sana. Mwaka 1965 Kikosi cha 78 kule Adeni kiliacha Twin Pioneer na kupokea helikopta za Wessex, na kufikia mwisho wa miaka ya sitini ndege hizi zilikuwa zinaondoka jeshini. Jumla zilitengenezwa 87 tu. Kenya ilipoanzisha jeshi lake la anga mwaka 1964, ndege zake za usafiri zilitoka Canada: Beaver, kisha Caribou. Tanzania nayo ilipata Otter na Caribou kutoka huko huko. Mwaka 1965 Wakanada wakarusha Twin Otter, yenye viti karibu sawa na Twin Pioneer na kazi ile ile. Tofauti ilikuwa injini. Badala ya pistoni walifunga injini ya turbini iitwayo PT6, ambayo kwa nguvu inayokaribiana ina uzito chini ya nusu ya Leonides, na uzito uliookolewa ukarudi kwa abiria na petroli. Ziko zinazoruka hadi leo.

Babu yako aliamini kwamba alidharauliwa. Kwa hesabu niliyokuonyesha, rubani yeyote, wa rangi yoyote, mwenye ndege ile, mahali pale, saa nane mchana, alipaswa kuacha watu wanne au hata zaidi. Kama hakuwaeleza sababu, na inaonekana hakuwaeleza, basi alikosa adabu. Dakika moja ya kusema "hewa ni nyepesi, nitawafuata asubuhi" ingemwondolea mzee yule kinyongo alichokibeba hadi kaburini. Na alirudi alfajiri kama hewa ilivyotaka.

Ukibahatika kufika Uingereza, Twin Pioneer moja ya jeshi, nambari XL993, imehifadhiwa katika makumbusho ya jeshi la anga pale Cosford. Simama chini ya bawa uitazame ile nguzo ya mshazari, halafu uzitazame injini zilivyo ndogo mbele ya bawa lile. Kisha zunguka ubavuni uutazame mlango, maana babu yako aliteremka kwa mlango kama huo.